Kwaya za vinyozi Marekani: Mtaji ni kiongozi

Mwaka 1938 mjini Tulsa, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, mwanasheria O.C. Cash na mwenzake Rupert Hall waliitisha mkutano wa kuimba. Walifika wanaume 26. Hapo ndipo kilipozaliwa chama cha nyimbo za vinyozi, mtindo wa sauti nne bila ala ambao mizizi yake imo pia kwa Wamarekani weusi. Wanawake walianzisha chao mjini humohumo mwaka 1945.

Waimbaji wengi wana kazi nyingine, hivyo baadhi ya mafunzo hufanyika mwisho wa wiki. Kila mmoja hujifunza sehemu yake mapema nyumbani kwa kusikiliza rekodi. Darasani huunganisha: lidi hubeba wimbo, tenori hupita juu yake, besi hushika chini, baritoni hujaza pengo.

Lakini darasa lenye faida kubwa ni la viongozi. Mwanafunzi huongoza kwaya, na mkufunzi humsimamisha na kumrekebisha papo hapo. (Semina zetu nyingi za wakulima, mwenyekiti husikiliza tu, akarudi na begi na posho.)

Kikundi cha watu 30 kikichangia ada na nauli ya kiongozi, kila mmoja hubeba sehemu moja ya 30, na ujuzi huwarudia wote. Hatari ni kwamba akihama, mtaji umeondoka naye. Ni busara kumpeleka pamoja na msaidizi, kisha msaidizi huyo apewe wimbo mmoja auongoze mwenyewe mazoezi yanayofuata.