Kifungo cha O/D: Chafaa Tambarare, Mlimani Kifunge

Ndugu mkulima, ikiwa hupeleka vitunguu, nyanya au viazi katika soko la Chwele kwa gari dogo ambalo gia zake hujibadilisha zenyewe, tazama mkono wa gia. Magari mengi ya namna hiyo kutoka Japani, kama Toyota Probox zilizoanza kutengenezwa mwaka 2002, yana kifungo kilichoandikwa O/D. Maana yake ni ovadraivu. Kifungo hiki kikitumiwa vyema huokoa petroli, na penye mteremko chaweza kuokoa maisha.

Kwanza tufahamu kazi ya gia. Fikiria baiskeli. Gurudumu la meno lililo kwenye pedali ni kubwa, na la nyuma ni dogo. Kwa hiyo ukikanyaga mzunguko mmoja, tairi ya nyuma huzunguka zaidi ya mara mbili. Mwendo umeongezeka lakini nguvu imepungua, ndiyo maana ukipakia gunia hushuka na kusukuma ufikapo kilimani. Hakuna gia inayoongeza mwendo na nguvu pamoja.

Gari nalo ni vivyo hivyo. Katika gia ya 1, injini huzunguka karibu mara 3 ili shafti itokayo katika giaboksi izunguke mara 1. Katika gia ya 3 huzunguka sawasawa. Gia ya 4 ndiyo ovadraivu: injini ikizunguka mara 7, shafti huzunguka mara 10. Injini haichoki, na petroli hutumika kidogo. Katika magari mengi ya gia 5 za mkono, gia ya 5 hufanya kazi hiyo hiyo.

Basi fuata mambo haya:

1. Katika lami iliyo tambarare, acha ovadraivu ifanye kazi. Taa ya O/D OFF ikiwaka, ovadraivu imefungwa. Ukienda hivyo safari nzima unapoteza petroli bure.

2. Ukipanda mlima na mzigo, bonyeza kifungo ili uifunge. Usipofanya hivyo, gia itaruka kutoka 4 hadi 3 na kurudi tena na tena, na mafuta ya giaboksi yatapata moto.

3. Ukitelemka kutoka Kapsokwony au Kopsiro na mzigo, funga ovadraivu kabla ya mteremko kuanza. Sasa injini itasaidia kulizuia gari. Mteremko ukiwa mkali, punguza mwendo kisha weka mkono wa gia kwenye 2 au L.

Anayetegemea breki peke yake huzichoma. Zikipata moto sana, mafuta ya breki huweza kuchemka, na pedali hudidimia bila kushika.

Wako madereva wanaotelemka na gia fri wakidhani wanaweka akiba ya petroli. Hiyo ni hatari, na akiba haipo. Katika magari ya siku hizi yenye injekta, ukitelemka gari likiwa ndani ya gia na mguu umeuondoa kwenye mafuta, injini hukatiwa petroli kabisa. Ukiweka fri, hulazimika kunywa petroli ili isizime.

Mwisho, taa ya O/D OFF ikimetameta yenyewe, hiyo ni dalili ya hitilafu katika giaboksi. Mwone fundi mapema, kabla ya kupakia mzigo wa siku ya soko.