Kusaka hitilafu za kompyuta: Kwa nini zana za Windows, Linux na Mac hazilingani?

Hitilafu moja katika programu yaweza kukwamisha ndege na kuahirisha upasuaji hospitalini. Wataalamu wanaoitafuta hutegemea zana ambazo uwezo wake hubadilika kulingana na mfumo endeshi wa kompyuta.

Siku ya Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024, muda mfupi baada ya saa moja asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza faili dogo la masasisho. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zinazotumia Windows zilianguka na kubaki na skrini ya buluu. Faili hilo liliondolewa baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilizokwisha kulipokea zililazimika kurekebishwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kompyuta za Linux na Mac hazikuguswa.

Uchunguzi ulibaini kwamba programu hiyo ilitarajia thamani 21, ikapewa 20. Ilipoitafuta ile ya 21, ikasoma sehemu ya kumbukumbu isiyokuwa yake. Microsoft ilifikia mahali pa kosa kwa kuchunguza mabaki ya kumbukumbu yaliyohifadhiwa wakati wa kuanguka, ikitumia zana iitwayo WinDbg.

Mlinzi wa mlango

Programu ya kusaka hitilafu humwezesha fundi kuisimamisha programu nyingine katikati ya kazi, kusoma yaliyomo katika kumbukumbu yake, kisha kuiendesha hatua kwa hatua hadi kosa lionekane. Hata hivyo, mfumo endeshi hauruhusu programu moja kuingilia nyingine kiholela. Ni sawa na nyumba za jirani: atakaye kuingia sharti abishe hodi.

Kila mfumo una mlango wake. Linux hutumia wito uitwao ptrace. Windows ina wito wake yenyewe. Mfumo wa macOS wa kampuni ya Apple hutaka zana yenyewe iwe na sahihi ya kidijitali inayothibitisha kwamba imeruhusiwa. Ndiyo maana GDB, zana huria iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986 na kuzoeleka sana kwenye Linux, huwasumbua wengi wanaojaribu kuitumia kwenye Mac, ambako LLDB ndiyo zana ya kawaida.

Ukali wa walinzi hao una sababu. Ruhusa inayomwezesha fundi kusoma kumbukumbu ya programu ndiyo ambayo mwizi angeitumia kusoma nywila. Kwa hiyo Ubuntu, mojawapo ya matoleo maarufu ya Linux, kwa kawaida huizuia zana kujiunga na programu ambayo haikuianzisha yenyewe, isipokuwa kwa idhini ya msimamizi. Apple nayo, tangu mwaka 2015, imezifungia programu za mfumo wake zisichunguzwe kwa urahisi.

Kurudi nyuma

Tofauti huonekana zaidi katika uwezo wa kurudi nyuma. Kwa kawaida fundi huona programu ikisonga mbele tu, na akilipita kosa hana budi kuanza upya. Zana iitwayo rr, iliyobuniwa katika shirika la Mozilla, hurekodi mwenendo wote wa programu ili fundi aweze kurejea hadi pale mambo yalipoharibika. Lakini rr hufanya kazi kwenye Linux pekee, kwa kuwa imejengwa juu ya ptrace na vihesabuji vilivyomo ndani ya prosesa. Watumiaji wa Windows wana uwezo wa namna hiyo katika WinDbg, nao pia umefungamana na Windows.

Hata mabaki ya programu iliyoanguka huandikwa kwa miundo tofauti. Maelezo yanayounganisha kumbukumbu na mistari ya msimbo huhifadhiwa kwa muundo wa PDB kwenye Windows, ilhali Linux na Mac hutumia DWARF. Madaraja yapo: LLDB yaweza kufungua mabaki ya Windows, na WinDbg yaweza kufungua ya Linux. Hata hivyo, kufungua mabaki ya programu iliyokufa si sawa na kuichunguza programu iliyo hai.

Maana yake kwa wabunifu

Kwa vijana wa Afrika Mashariki wanaounda programu za simu, jambo hili lagusa mfuko. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na zana zake rasmi za kusaka hitilafu hupatikana bila malipo kwa Windows, Linux na Mac. Mwanafunzi wa Kampala au Kigali mwenye kompyuta ya kawaida aweza kuichunguza programu yake kwenye simu aliyonayo. Anayeunda programu ya iPhone hana wepesi huo, kwani zana rasmi ya Apple, Xcode, huendeshwa kwenye Mac pekee.

Pia kuna hatari ya programu kuundwa kwenye Windows, kisha kupelekwa kufanya kazi kwenye seva ya Linux. Kosa linalojitokeza huko huenda lisionekane kabisa kwenye kompyuta ya fundi. Ni busara basi kuijaribu programu kwenye mfumo uleule itakakotumika, kuhifadhi maelezo ya msimbo ya kila toleo, na kuhakikisha kwamba seva imewekwa tayari kutunza mabaki pindi programu inapoanguka. Bila mabaki hayo, hata zana bora kuliko zote haina cha kuchunguza.