Kilichoota Kwenye Mkojo wa Shangazi

Mwaka ule shangazi alitibiwa UTI mara nne kabla sisi wanawe hatujaambiwa. Kila mara alipanda bodaboda kutoka Igurwa, akashuka kwenye duka la dawa, akaeleza moto anaousikia akikojoa, akarudi na vidonge vya nitrofurantoini. Siku tatu nne anapata nafuu, anapalilia migomba yake. Wiki ya pili homa na maumivu ya ubavu wa kushoto yanamlaza. Majirani wakasema ni UTI sugu.

Mimi ni mtu wa maabara, na hilo neno "sugu" linaniuma. Mtu akishaambiwa hivyo huongeza vidonge, au hukata tamaa. Haulizi ni mdudu gani huyo, na amejificha wapi.

Alipokuja kwangu Bukoba nikamwomba mkojo. Nawa kwanza, nikamwambia, wa mwanzo uache uende, ukinge wa katikati.

"Mwanangu, hata mkojo una wa katikati?"

"Ndiyo, shangazi. Wa mwanzo unafagia njia."

Kichupa kilipofunguliwa, harufu ya amonia ilinichoma pua. Kijiti cha kupimia kikasoma pH 9, wakati mkojo wa watu wengi huwa karibu na 6. Tukauotesha, yaani tukawaacha bakteria waliomo wakue kwenye sahani. Kesho yake, kwenye sahani yenye damu ya kondoo, sikukuta vidoa vilivyotulia vya E. koli, ambaye ndiye chanzo cha UTI nyingi. Nilikuta duara ndani ya duara, kama dimbwi lililotupiwa kokoto: bakteria waliotambaa sahani nzima usiku kucha. Huyo ni Proteus mirabilis. Jina Proteus alilitoa Mjerumani Gustav Hauser mwaka 1885, akimkumbuka mungu wa bahari wa Wagiriki aliyejigeuza maumbo.

Proteus huivunja urea iliyomo kwenye mkojo ikawa amonia. Mkojo ukishapoteza asidi yake, madini ya magnesiamu na fosfeti yaliyokuwa yameyeyuka humo huganda yakawa jiwe. Jiwe linakua, mdudu anakaa ndani yake, dawa haimfikii. Tena nitrofurantoini haimwezi Proteus tangu asili yake! Ile nafuu ya shangazi, nadhani, ilikuwa ya panadol aliyomeza pamoja nayo.

Altrasaundi ilionyesha jiwe lenye matawi kama pembe za kulungu, limejaza figo ya kushoto. Kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, nayo ilikuwa imepanda, maana yake figo zimechoka. Hapo matibabu yanabadilika. Dawa nyingi hutoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo dozi lazima ipimwe upya. Sindano ya jenta (gentamaisini), ambayo wengi wanaiomba kwa sababu ni rahisi, yenyewe inaweza kuziumiza figo.

Palipo na jiwe, tezi dume inayobana njia, au mpira wa mkojo uliokaa siku nyingi, mkojo hautoki wote. Kwenye mkojo uliotuama ndipo wanapopata makao akina Proteus, Klebsiella, Pseudomonas na Enterococcus. Huyu wa mwisho hatoi naitraiti, ambayo kijiti huitafuta, hivyo mtu anayetegemea kijiti peke yake anaweza kumkosa.

Nawaomba ndugu zangu wa Karagwe na Kyerwa: UTI ikirudi mara ya pili au ya tatu, ombeni kuoteshewa mkojo kabla ya kumeza dawa nyingine, na figo zipigwe picha. Msiutume mkojo kwa bodaboda. Usipowekwa kwenye baridi unatakiwa upimwe ndani ya saa 2, la sivyo wadudu wanazaliana njiani na majibu yanadanganya. Nendeni wenyewe, mkautoe hukohuko.

Shangazi alivuka ziwa hadi Bugando, Mwanza, jiwe likatolewa. Aliniletea kipande kwenye kitambaa, cha rangi ya chokaa, chepesi kuliko nilivyodhani. Kila baada ya miezi mitatu analeta mkojo. Sahani ya mwisho niliiacha siku mbili, haikuota kitu.