Silikanti Hatembei

Kwa karibu miaka 50 wanasayansi walimjua samaki aitwaye silikanti akiwa ameshavuliwa tu. Ukoo wake ulidhaniwa umetoweka pamoja na dinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Anjouan, Komoro, mwaka 1952, na wavuvi wa huko walikwisha kumjua zamani kwa jina la gombesa. Profesa J.L.B. Smith alipoyatazama mapezi yake manene, yenye mifupa na minofu kama viungo, aliamini kwamba samaki huyu hutambaa sakafuni mwa bahari.

Ili kujua hakika, ilibidi mtu amfuate samaki huyo kwake. Januari 1987, Mjerumani Hans Fricke na wenzake walizamia karibu na pwani ya Ngazija, Komoro, kwa nyambizi ndogo ya watu wawili, Geo, iliyoweza kufika mita 200. Kwa kina hicho, kila sentimita ya mraba hukandamizwa kwa uzito wa kilo 21 hivi. Ndani ya chumba cha chuma, hata hivyo, kanieneo hubaki kama ya juu: oksijeni hutoka kwenye mtungi, na kemikali hunyonya hewa chafu ya pumzi. Hivyo mtafiti hukaa dirishani kwa saa kadhaa na kamera yake.

Samaki alionekana usiku. Mwili wenye madoa meupe ulikuwa ukielea na mkondo, pezi la kifuani la kulia likienda pamoja na la tumboni la kushoto, kisha yale mengine mawili, vile vile mjusi anavyopokezanisha miguu ukutani. Mara nyingine alisimama kichwa chini, miguu hewani tungesema. Sakafuni hakutambaa.

Swali likabaki: mchana hukaa wapi? Mwaka 1989 kikosi hicho kilirudi na nyambizi nyingine, JAGO, yenye uwezo wa mita 400, kikawakuta silikanti wamejikusanya kwa utulivu mapangoni. Kwa kuwa madoa ya kila mmoja ni tofauti, picha ziliwezesha kuwatambua mmoja mmoja na kuwahesabu.

Hilo linatuhusu. Tangu 2003 majarife ya papa yamewanasa silikanti pwani ya Tanzania, hasa Tanga, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa kwa ajili yao. Tukishajua kwamba hulala kwenye mapango ya miteremko, tunajua pia mahali ambapo jarife halifai kutegwa.