Shilingi Moja ya Mshahara wa Waziri

Kila ufikapo msimu wa Bunge la bajeti pale Dodoma, baina ya Aprili na mwisho wa Juni, mimi huletewa swali lile lile, na waulizao si wajinga bali ni watu wasomao magazeti na kufuatilia mijadala: "Mbunge wetu ameshika shilingi ya Waziri, je, sasa zahanati yetu itamalizwa?" Jawabu ni hapana. Na kwa kuwa jawabu hilo fupi nimelitoa mara nyingi pasipo kuridhisha, sina budi kulieleza kwa urefu, maana dhana hii imewaghilibu wapiga kura wengi na, jambo linisikitishalo zaidi, imewaghilibu hata baadhi ya Wabunge wenyewe.

Bunge likaapo kama Kamati ya Matumizi ili kupitisha fungu la wizara, kifungu baada ya kifungu, Mbunge asiyeridhika na sera aweza, kinapofikiwa kifungu chenye mshahara wa Waziri, kutoa hoja kwamba mshahara huo upunguzwe kwa shilingi moja. Na madhumuni ya hoja hiyo ni kumlazimisha Waziri asimame ajieleze, na maelezo yasipotosheleza, Wabunge wenzake waichangie na hatimaye ipigiwe kura. Aghalabu haifiki huko: Waziri huahidi, Mbunge hushukuru, shilingi hurudishwa, na baadaye saa zikiisha vifungu vilivyosalia hupitishwa kwa mkupuo, ndiyo gilotini hiyo, bila ya kuhojiwa hata kimoja. Lakini tuchukulie kwamba hoja imeshinda. Kilichopungua ni shilingi moja ya mshahara wa mtu mmoja. Hakuna hata senti iliyohama kutoka kasma hii kwenda ile, na zahanati iliyokosa dari jana itakosa dari kesho.

Nao wapo wanaonijibu kwamba shilingi yenyewe si kitu, kwamba kinachotafutwa ni ahadi. Sikatai kuwa Waziri aliyeaibika hadharani huenda akarudi ofisini na kuwasukuma watendaji wake. Walakini ahadi hiyo, ambayo karibu kila mara huambatana na sharti la fedha kupatikana, huandikwa katika Taarifa Rasmi za Bunge, haiandikwi katika kitabu cha bajeti. Na hapa ndipo penye kiini cha jambo ambalo laiti lingelikuwa linafundishwa kila shule: kwa mujibu wa ibara ya 99 ya Katiba ya mwaka 1977, Bunge haliwezi kushughulikia jambo la kutoza kodi, wala la kuiongezea mzigo Hazina, ila Rais awe amelipendekeza na pendekezo lake limewasilishwa na Waziri, kupunguza tu ndiko kusikohitaji idhini hiyo. Mbunge, awe hodari wa kusema kiasi gani, hana uwezo wa kuiongezea zahanati yenu shilingi moja kutoka pale alipoketi. Basi itakuwaje silaha ya kupunguza iwe ndiyo ya kujengea?

Desturi hii ya kupunguza mshahara wa Waziri tumeirithi kwa Waingereza, na kwao ilikuwa na makali kwa sababu ilikuwa kura ya imani. Juni 1895 Bunge lao lilikubali hoja ya kupunguza kwa pauni 100 mshahara wa Waziri wa Vita, Campbell-Bannerman, kwa madai kwamba majeshi hayakuwekewa akiba ya baruti ya kutosha. Hoja ilishinda kwa kura 7 tu, na serikali nzima ya Lord Rosebery ikajiuzulu. Kwetu sisi Bunge likithubutu kuikataa bajeti ya Serikali, ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja, na kila Mbunge hulijua hilo anapohesabu ujasiri wake. Hata hivyo si kwamba Bunge halijapata kukaza. Julai 2011, nchi ikiwa katika mgao mkali wa umeme, upinzani wa Wabunge, wakiwamo wa chama tawala, ulilazimisha bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iondolewe na kurejeshwa mwezi uliofuata ikiwa na mpango wa dharura wa umeme. Aprili 2012 ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali iliwasha mjadala ambao ulimfanya Rais Kikwete awaondoe mawaziri 6 mwezi Mei. Katika hayo mawili kilichotenda kazi ni umoja wa Wabunge na karatasi za hesabu, wala si shilingi ya mtu mmoja.

Fauka ya hayo, hata fedha iliyokwisha kuandikwa kitabuni si fedha iliyofika. Sheria ya Matumizi hutoa ruhusa ya kutumia. Hazina hutoa fedha kwa kadiri makusanyo yalivyo, robo kwa robo, na baina ya kuidhinishwa na kutolewa ndimo miradi mingi inamofia, kimya kimya, ilhali wananchi wangali wakishangilia hotuba ya Juni.

La kufanya basi ni hili. Zahanati yenu na itajwe katika vipaumbele vya mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka uitishwe kila miezi mitatu. Diwani aifikishe katika halmashauri kabla Hazina haijafunga ukomo wa bajeti. Mbunge naye, ambaye ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, aketi barazani mwanzoni mwa mwaka bajeti ya halmashauri inapopitishwa. Akifika Dodoma, aisome randama, yaani maelezo ya kina ya bajeti ya wizara, ndani ya kamati ya kisekta, ambako hakuna kamera wala gilotini, aulize kasma kwa namba yake. Aprili ripoti ya Mkaguzi ikiwasilishwa, atafute halmashauri yake humo, na hoja zisizojibiwa azifuatilie kwa Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Swali la msingi alitumie kuulizia kiasi kilichotolewa, si kiasi kilichoahidiwa. Na katika swali la nyongeza aulize tarehe.

Mbunge wenu akirudi jimboni mwezi Julai, mwulizeni kwa adabu yake: fedha zilizotengewa zahanati yetu mwaka uliopita zilifika kiasi gani, katika robo ipi, na zilizobaki alizidai kwa nani? Asipokuwa na tarakimu, mpeni muda azitafute, kisha mwulizeni tena.