Pale Mnara Usipofika

Kuta za idara ya eksirei hupakwa rangi kama kuta nyingine za hospitali, lakini ndani yake mna mabamba ya madini ya risasi. Yamewekwa humo ili miale isiwadhuru waliosimama nje. Kazi hiyo huifanya vyema, na pamoja nayo huifanya nyingine ambayo hakuna aliyeiomba: huyadhoofisha mawimbi ya simu hata yakapotea. Daktari wa zamu anayemsindikiza mgonjwa humo hutoweka. Simu yake imo mfukoni, imewashwa, ina chaji. Lakini muuguzi wa zahanati ya mbali, anayempigia kumuuliza habari ya mama anayevuja damu baada ya kujifungua, huambiwa kwamba mteja hapatikani.

Huenda chumbani humohumo Wi-Fi ya hospitali ikawa na nguvu tele. Wapo watakaosema, basi na ampigie kwa WhatsApp. Huyo muuguzi ana simu ndogo ya vitufe, ile iitwayo kitochi, na namba moja iliyobandikwa ukutani. Namba hiyo ndiyo inayopaswa kulia.

Njia ya kuiwezesha kulia ipo. Mtandao wa simu una sehemu mbili. Ya kwanza ni minara, ambayo kila mtu huiona. Ya pili ni kiini, yaani mitambo iliyofichika katika majengo ya kampuni, inayojua namba fulani ni ya nani, simu yake iko wapi, na salio lake likatwe kiasi gani. Mnara ni mkono tu wa kile kiini. Kama simu ingeweza kukifikia kiini kwa njia nyingine, ukosefu wa mnara usingekuwa na neno.

Wi-Fi ni njia nyingine, ila si mali ya kampuni ya simu. Ni ya hospitali, ya hoteli, au ya jirani, na kiini hakina sababu ya kuiamini. Kwa hiyo jumuiya ya 3GPP, inayotunga kanuni za kimataifa za simu, iliweka mpakani lango liitwalo kwa kifupi ePDG. Simu iliyoruhusiwa kupiga kwa Wi-Fi hulitafuta lango la kampuni yake katika intaneti kwa jina linalojengwa kwa tarakimu za nchi, 640 kwa Tanzania na 639 kwa Kenya, pamoja na tarakimu za kampuni yenyewe.

Ikifika langoni haipiti hivihivi. Kiini huituma namba ya kubahatisha, na laini iliyomo ndani ya simu huikokotoa kwa ufunguo wa siri ambao hautoki kamwe katika kadi. Jibu likiwa sahihi, mwenye laini ametambulika. Laini nayo huukagua mtandao, isije ikadanganywa na lango bandia. Hapo ndipo hufunguliwa njia iliyosimbwa, mfano wa bomba lililozibwa pande zote, na sauti hupita ndani yake hadi kwenye kiini. Fundi wa hospitali anayeiangalia Wi-Fi yake huona kwamba bomba lipo. Asemacho daktari hakisikii. Kwa watu waliokula kiapo cha kutunza siri za wagonjwa, hilo si jambo dogo.

Usimbaji huo, hata hivyo, ni mzuri kadiri ya uangalifu wa waliouweka. Mwaka 2024 watafiti wa Austria na Ujerumani walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba kampuni 13 za simu, katika nchi mbalimbali, zilikuwa zikitumia funguo 10 zilezile za siri katika malango yao. Ufunguo mmoja kwa nyumba nyingi si ufunguo.

Wazo lenyewe si geni. Marekani, T-Mobile iliwauzia wateja wake huduma ya namna hii tangu 2007, kwa mtambo wa aina ya zamani. Mwaka 2014 iPhone zikaipokea, na mwaka uliofuata EE wakaianza Uingereza. Hata leo si kila kampuni inayoitoa, wala si kila simu inayoiweza. Mara nyingi imo ndani ya mipangilio ya simu, imezimwa, ikingoja mtu aiwashe.

Hospitalini huduma hii hukwama mahali ambapo madaktari hawapafikirii. Mitambo inayolinda mtandao wa hospitali huenda imefunga milango ya UDP yenye namba 500 na 4500, na bila hiyo bomba halijengeki. Tena ziko Wi-Fi zinazodai mtumiaji afungue ukurasa na kukubali masharti. Asipofanya hivyo, simu huonyesha alama ya Wi-Fi na isipokee kitu. Umeme nao ukikatika, rauta isiyo na betri huzimika palepale. Na daktari anayetoka nje akiongea, kama eneo lile halina 4G inayobeba sauti, simu hukatika mlangoni.

La kumhusu zaidi mgonjwa ni namba za dharura. Mnara husema angalau mpigaji yuko mtaa gani. Lango halijui: lenyewe huona bomba linalotoka mahali fulani katika intaneti. Ndiyo maana Marekani mteja hutakiwa kuandikisha anwani yake kabla ya kuitumia huduma hii, na anwani hiyo huwa ya uongo siku anapohama nyumba. Anayeita gari la wagonjwa kwa Wi-Fi na ataje mahali alipo kabla ya kueleza kilichompata.

Kuijaribu huduma hakuhitaji kifaa chochote. Simu iwekwe katika hali ya ndege, kisha Wi-Fi iwashwe peke yake, na mwenye simu aingie chumba cha eksirei wakati hakuna mgonjwa. Mwenzake abaki nje na kitochi, apige namba ya kawaida. Isipolia, fundi wa mtandao aulizwe kwanza kuhusu ile milango miwili, kisha kampuni ya simu.