Fedha kwenye maji: hesabu ya milioni moja

WAKULIMA wa mboga wa Mazimbu wanaijua thamani ya maji kila kiangazi, Mto Ngerengere unapopungua. Mashine hula petroli, na mnunuzi wa mchicha sokoni haulizi gharama hiyo. Lakini je, mtu aweza kuwekeza kwenye maji bila kuchimba kisima?

Marekani jambo hilo lipo. Mwaka 2005 ulianzishwa mfuko ambao sasa unaitwa Invesco Water Resources. Mwenye vipande vya UTT ataelewa upesi: fedha za wengi hununua kampuni nyingi kwa pamoja. Tofauti ni kwamba vipande hivi huuzwa kwenye soko la hisa, bei ikipanda na kushuka siku nzima. Ila mfuko huo haumiliki mto wala bwawa. Ndani yake mna watengenezaji wa pampu, vali na mita, pamoja na kampuni za kusambaza maji. Mtu wa Morogoro atabeba pia hatari ya dola.

Hapa nchini mfano mzuri ni Tanga. Februari 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilitoa hatifungani ya Sh53.12 bilioni, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5, ili kupanua miundombinu yake. Wanunuzi walizidi kiasi kilichotakiwa, na mwaka huohuo iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fedha za kuwalipa hutoka kwenye ankara za wateja wa maji.

Aliyeweka Sh1,000,000 alitarajia riba ya Sh135,000 mwaka wa kwanza, kwa mikupuo miwili ya Sh67,500. Sasa chukua milioni hiyo ununue mashine ya kumwagilia itakayodumu miaka mitano. Uchakavu peke yake ni Sh200,000 kwa mwaka. Ili ifikie hatifungani, lazima ikuongezee Sh335,000 kila mwaka baada ya kutoa petroli na kibarua. Kwa mwenye bustani ya nyanya inayokauka, naona hilo linawezekana, na anunue mashine. Hatifungani inamfaa zaidi mwenye duka ambaye fedha yake imelala.

Hata yeye, kabla ya kununua, amuulize dalali wa soko la hisa hatifungani hiyo iliuzwa lini mara ya mwisho, na kwa bei gani. Ikiwa ni miezi mingi iliyopita, ada ya shule isitegemee fedha hiyo.